Kisiwa cha Chaki

Jumatatu, Machi 2

Daktari wa macho kasema niandike. Kila siku tone la asubuhi, tone la jioni, na kidole kimeonekana kikifika wapi. Basi. Lakini mimi ukinipa daftari la kurasa mia halafu uniambie niandike mistari mitatu, ni kama kunipa kipaza sauti uniambie nikohoe tu nikirudishe. Shule niliiacha darasa la tano, na tuliachana vizuri, hakuna aliyemlilia mwenzake. Atakayeshindwa kusoma mwandiko wangu aje nimuuzie miwani.

Ndiyo kazi yangu. Nina ubao wenye miwani sitini, naupitisha duka kwa duka, ofisi kwa ofisi, nimevaa koti jeupe nililolipata kwa mwenye bucha nikalifua mara nne. Mfukoni Dada kalitarizi kwa uzi wa bluu: DOKTA. Mtaa mzima unaniita hivyo.

Tulivyofika hospitali ni hivi. Ijumaa Dada alikuwa anavuka barabara na furushi la sare za shule alizoshona. Akaangalia mbele, akaona kweupe, akaingia. Lori likatokea ubavuni. Dereva alikanyaga breki mpaka matairi yakalia, likagusa furushi tu, sare zikatapakaa kwenye matope. Dada kasimama katikati ya barabara anauliza, "Limetoka wapi? Hili limetoka wapi?" Na lilikuwa jekundu, refu kama nyumba, taa zote zinawaka.

Daktari ni mama mwembamba, hacheki. Nimemtupia vichekesho vitatu, vyote vimeanguka sakafuni hakuna wa kuviokota. Kasema ni presha ya macho. Jicho la kulia limeshazima. La kushoto limebaki tundu la katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mbele Dada anaona mpaka ncha ya sindano. Pembeni hakuna kitu. Kilichokwenda hakirudi, matone ni ya kuzuia kilichobaki kisifuate.

Halafu akanigeukia mimi. "Hii haikuanza jana. Ina miaka. Nyumbani hakuna aliyeona kwamba anagonga vitu?"

Nikaangalia viatu vyangu.

Nesi kanifundisha kipimo. Tunakaa tumetazamana, Dada anaangalia pua yangu, mimi naleta kidole polepole kutoka sikioni kwake kuja mbele. Akikiona anasema "kimefika". Mwenye macho mazima anakiona kikiwa bado sikioni. Dada kakiona kwenye mwisho wa nyusi.


Jumanne, Machi 3

Matone mawili. Kidole: mwisho wa nyusi.


Ijumaa, Machi 6

Matone mawili. Kidole: mwisho wa nyusi. Mvua imeanza, tena haikubisha hodi.

Ukutani, mbele ya cherehani ya Dada, kuna kalenda ya duka la vitambaa. Ni ya miaka kumi na tisa iliyopita. Tarehe zake zilishastaafu zamani, lakini Dada hajaitoa kwa sababu ya picha. Kisiwa katikati ya ziwa, mji wa mawe juu yake, ngazi pana kutoka majini, geti la mawe, mnara. Chini wameandika kwamba mji ni wa kale sana na hauna gari hata moja. Miaka kumi na tisa Dada akiinua kichwa kutoka kwenye kitambaa anakutana nacho. Na sasa kwa kuwa kipo mbele yake sawasawa, ni kati ya vitu vichache anavyoviona vizima.

Leo kasimamisha cherehani.

"Mdogo wangu, hiki kisiwa bado kipo?"

"Kitaenda wapi, Dada? Hata usafiri hakina."

Akacheka kidogo. Halafu akasema, "Nataka kwenda. Sijawahi kupumzika hata siku mbili tangu nikulee wewe. Nataka kufika nikakitazama kabla sijafunga duka." Akagusa jicho. "Na nitembee mahali ambapo hakuna kitu cha kunitokea ubavuni."

Mama yetu alifariki mimi nina miaka sita, yeye kumi na saba. Alijifunza cherehani wiki ile ile. Nikamwambia tutakwenda. Sikufikiria hata kidogo, mdomo ulishasema.


Jumanne, Machi 10

Chini ya picha ya kalenda kuna namba ya simu. Namba ya miaka kumi na tisa. Nikapiga kwa utani tu. Ikapokelewa.

"Ofisi ya boti," sauti ya mwanamke.

"Habari za leo, mama?"

"Mvua."

"Samahani, nilitaka kujua safari za kisiwani."

"Hakuna. Mvua."

"Zinaanza lini?"

"Ikiisha mvua." Akakata.

Mimi nimeuza miwani ya jua kwa mtu aliyekuwa ndani ya chumba kisicho na dirisha, lakini huyu karani kanishinda.

Matone mawili. Mwisho wa nyusi.


Jumatano, Machi 11

Mvua. Matone.


Jumatatu, Machi 16

Mke wangu anapiga pasi kazi za Dada, sote watatu tunaishi kwenye ua mmoja. Leo nimemweleza habari ya kisiwa. Hakunyanyua pasi.

"Likizo," kasema. "Sisi."

"Kwani likizo inauliza jina la ukoo?"

"Wifi yangu anapofuka, wewe unamtafutia matembezi. Ungemtafutia matibabu miaka ile."

Nikatoka nje nikakaa na mvua. Kusema kweli namwona mke wangu ana moyo wa chuma cha pasi ile ile, kizito na cha moto. Lakini hakusema uongo.

Miaka minne iliyopita Dada alianza kugonga milango. Akavunja vikombe, akapiga teke ndoo ya maji, akampita jirani bila salamu mpaka jirani akanuna. Tukacheka. Mimi ndiye nilimbandika jina, Mama Vunja, kwa sababu mimi ndiye mchekeshaji wa nyumba. Akaniambia, "Mdogo wangu, nipime." Nikavaa koti, nikashika kadi yangu ya herufi, nikamsimamisha mlangoni. Akasoma mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Akasoma hata jina la kiwanda cha kuchapa kule chini, ambalo mimi mwenyewe sikujua kwamba lipo. Nikamwambia, "Macho haya mazima kuliko yangu. Tatizo lako haraka." Nikampa miwani ya bure. Akaivaa kwa heshima.

Kadi inapima mbele. Pembeni haijui.


Jumatatu, Machi 23

Nimepiga simu kwa karani mara ya sita. Leo mvua ilikuwa imepumzika, labda na yeye ilimpumzisha. Kaniuliza, "Wewe kijana kisiwani unakwenda kufanya nini?" Nikamwambia dada yangu ana kalenda. Kumbe yeye kazaliwa huko.

Akafunguka kama bomba. Kutoka kwenye boti kuna ngazi arobaini na moja, ya kumi na tisa imevunjika pembe. Juu kuna uwanja mdogo, halafu geti. Geti ni upana wa punda mmoja, na mwenye punda awe amekonda. Walijenga hivyo zamani za vita, ili adui aingie mmoja mmoja. Ndiyo maana gari haliingii. Liliwahi kuletwa moja na mkubwa fulani juu ya mtumbwi mkubwa, wakalipandisha kwa kamba siku nzima, likafika getini likagoma. Lipo pale pale nje ya geti mpaka leo. Kuku wanataga ndani.

"Ukishapita geti," kasema, "weka mkono wa kushoto kwenye ukuta. Usiutoe. Utapita kisima, utapita mnara, utapita tanuri la mikate, na njia itakuzungusha yenyewe mpaka getini tena. Hata mlevi hapotei."

"Na dada yangu macho yake si mazuri sana," nikasema.

"Si mazuri kiasi gani?"

"Kidogo tu. Anaona vizuri."

Uongo ulitoka wenyewe, kama mbwa aliyezoea njia.

Jioni nimechukua chaki ya Dada ya kukatia nguo, nikachora kisiwa kizima kwenye sakafu ya saruji ya ua wetu. Geti, ukuta, kisima, mnara, tanuri. Dada akavua viatu akakizunguka, mkono wa kushoto umenyooshwa hewani. Akarudi getini. Akasema, "Kumbe ni padogo." Akazunguka tena.


Jumanne, Machi 24

Mvua imekifuta kisiwa. Nimechora upya.


Alhamisi, Machi 26

Kimefutwa. Nimechora.


Jumamosi, Machi 28

Kimefutwa. Mke wangu anauliza kama nimeajiriwa na manispaa. Nimechora. Kidole: nyusi, kimeingia kidogo ndani. Nimerudia mara tatu, labda mkono wangu ulikwenda haraka.


Alhamisi, Aprili 2

Haukwenda haraka.

Leo hospitali. Daktari kasoma daftari langu lote, hata mambo ya kuku. Hakucheka, lakini pale kwenye gari la getini akarudia mstari. Kasema nimeandika vizuri, na kwamba nilichoandika ndicho mashine inachosema. Presha haijashuka. Matone hayatoshi. Anataka kumpasua Dada, jicho la kushoto, Mei 5. Operesheni hairudishi kilichokwenda. Ni kuziba tu mlango kwa kile kilichobaki. Ina hatari zake, kazitaja zote bila kupamba. Tusipofanya, kwa kadiri anavyoona, hakutakuwa na miezi mingi.

Dada akauliza, "Nikitoka na giza?"

"Inawezekana. Si kawaida, lakini inawezekana."

"Boti zinaanza Juni," Dada akasema. "Nitakwenda kisiwani kwanza, halafu nitarudi unipasue."

"Juni huenda hakutakuwa na cha kupasulia."

Dada akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akamwambia daktari kwa adabu kabisa, "Mwanangu, mimi nyumbani nina mtu wa macho. Miaka yote ananipima. Alisema mazima, na yalikuwa mazima. Haya yamekuja juzi tu. Yakikaa mpaka Juni hayatakwenda popote."

Daktari akaniangalia. Akaangalia mfuko wa koti langu, uzi wa bluu.


Jumanne, Aprili 7

Matone mawili. Nyusi, ndani. Mvua.


Ijumaa, Aprili 10

Matone. Mvua. Dada kaunga mkono wa shati shingoni. Kaucheka mwenyewe, halafu kaufumua, hakucheka tena.


Jumatatu, Aprili 13

Nimemwambia Dada afanye operesheni. Kasema, "Mbona wewe ulisema nisiwe na haraka?"


Jumatano, Aprili 15

Kidole: katikati ya nyusi.


Jumamosi, Aprili 18

Naandika yote, maana nikiruka nitakuwa nimemdanganya mpaka daftari.

Mvua ilikuwa inapiga bati tangu asubuhi. Mke wangu alikuwa kwenye meza ya pasi, Dada kwenye cherehani. Kisiwa nje kilikuwa kimefutwa chote, limebaki geti peke yake chini ya upenu. Nikaingia na koti langu, nikasimama kati ya Dada na kalenda, mahali pekee ambapo lazima anione.

Nikasema, "Dada, simamisha mashine."

"Nimalizie kola."

"Simamisha."

Akasimamisha.

"Ile kozi ya macho niliyokwambia nimesoma, sikusoma. Anayeniuzia miwani kwa jumla alinipa kadi akaniambia, akisoma juu mpe hii, akisoma katikati mpe hii. Ilichukua muda wa kunywa chai. Cheti kile ulichokitia kioo nilichapisha stesheneri. Koti ni la bucha."

Alikuwa anatabasamu bado, anangoja mwisho wa kichekesho. Maisha yangu yote mimi nikisimama mbele ya watu kuna mwisho wa kichekesho.

"Hakuna zaidi, Dada. Ndiyo hivyo tu."

Tabasamu likakaa kidogo halina kazi, halafu likaondoka.

"Niliposema macho mazima, sikujua. Sikuwa najua kwamba sijui. Ile kadi inapima mbele, na ugonjwa wako unaanzia pembeni. Ulikuwa unapofuka mbele yangu na mimi nakuita Mama Vunja. Haikuja juzi. Daktari kasema miaka. Mimi ndiye niliyekuwa na wewe miaka hiyo."

Mke wangu akaiweka pasi kwa kisigino chake.

Lililobaki ndilo sikuliandika hata humu. Nilisema nikimtazama mkono, usoni sikuweza.

"Na siku ile uliyotaka kwenda hospitali. Miaka miwili sasa. Ulikuwa umeshavaa. Nikakwambia usiende, macho mazima, utapoteza siku bure. Moyoni nilikuwa nasema, watu watasema dada yake Dokta anatibiwa kwingine, biashara yangu itaisha. Sikuogopa upoteze siku. Niliogopea ubao wangu. Ukarudi ndani ukavua viatu."

Dada aligeuza uso, akanitafuta, maana nilikuwa nimesogea pembeni na pembeni mimi sipo. Akanipata. Akaniangalia muda mrefu kupitia tundu lake.

"Vya kahawia," akasema. "Vyenye kifungo."

"Ndiyo, Dada."

"Nilifurahi kurudi ndani. Nilisema, afadhali, mdogo wangu kasema mazima." Akapapasa kola, akairudisha chini ya sindano. "Vua hilo koti. Liache hapo. Toka."

Cherehani ikaanza kabla sijafika mlangoni.


Jumapili, Aprili 19

Matone katiwa na mke wangu. Kidole hakutaka nipime.


Jumatatu, Aprili 20

Vivyo hivyo. Nimetembeza ubao bila koti. Mteja mmoja kaniuliza, "Dokta, umefukuzwa kazi?" Nikamjibu ndiyo. Akacheka sana, akanunua.


Jumanne, Aprili 21

Vivyo hivyo.


Jumatano, Aprili 22

Asubuhi mapema nimetoka kwenda kunawa, nikamkuta mke wangu kapiga magoti uani. Ana chaki. Anachora ukuta wa kisiwa, ameshafika mnarani, na amepima kwa futi ya Dada, mistari imenyooka kuliko yangu yote. Hakugeuka.

"Kisima chako ulikiweka karibu mno na geti," kasema. "Nimekuwa nakirekebisha kila siku unapoondoka. Wifi alikuwa anahesabu hatua vibaya."

Wiki zote hizi nilidhani mwenye kuchora ni mimi.

Mchana Dada kaniita. Koti lilikuwa mapajani mwake limekunjwa. Kanipa. Neno DOKTA halipo. Amelifumua kwa wembe, herufi moja moja, hakukata hata uzi mmoja wa kitambaa. Yamebaki matundu ya sindano tu, ukiweka kwenye mwanga bado unasoma.

"Nitapasuliwa," kasema. "Si kwa maneno yako. Wewe uliniambia mazima, leo unaniambia mabovu, sasa nikuamini siku ipi? Nitapasuliwa kwa sababu ya yule binti asiyecheka. Hajanidanganya hata kunifurahisha."

"Sawa, Dada."

"Na kisiwani nitakwenda. Wewe utanipeleka, uliahidi. Endelea kuandika."

Wewe. Mara zote hizo, wewe, hata mara moja si mdogo wangu.

Kidole: katikati ya nyusi.


Jumatatu, Aprili 27

Nimempigia karani. Nikamwambia nilimdanganya, dada yangu anaona kama kwenye tundu la ufunguo, na wiki ijayo anapasuliwa, na huenda akaja haoni kabisa. Nilitegemea anikatie.

"Ulidhani nitakataa?" kasema. "Bibi yangu alikuwa kipofu kule miaka thelathini. Alikuwa anachota maji mwenyewe. Nilikuuliza kiasi gani ili nijue nikuelezeje." Halafu kaanza upya, ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho, safari hii kwa miguu na mikono: wapi jiwe linakuwa laini, wapi upepo unakupiga shavuni kwa sababu ukuta una mwanya, wapi unaanza kusikia joto la tanuri. Nimejaza kurasa tatu.

Karibu na sisi kuna ghorofa ambalo mwenyewe aliishiwa kabla ya kulipaua. Lina ngazi. Dada anapanda na kushuka, mke wangu kamshika kiuno, mimi nahesabu kwa sauti. Kwenye ya kumi na tisa naweka tofali.


Jumanne, Mei 5

Wamemwingiza asubuhi. Viatu kanipa nishike. Vya kahawia.

Benchi la hospitali lina misumari mitatu upande wa kulia. Mke wangu alikaa ananishika mkono, kitu ambacho hatujafanya tangu harusi, na pale tuliambiwa tufanye kwa ajili ya picha. Mvua ilikuwa nyembamba. Nilijaribu kutunga kichekesho cha kumwambia Dada akitoka. Hakikuja.

Katoka na jicho limefungwa. Kwa hiyo leo, mpaka kesho, Dada haoni kitu chochote. Kauliza, "Nani yuko?" Mke wangu akasema, "Mimi, wifi." Kauliza, "Na viatu vyangu?"

"Ninavyo, Dada," nikasema.

"Usivipoteze."


Jumatano, Mei 6

Daktari kafungua bandeji mwenyewe. Dada akapepesa, akapepesa tena. Muda ule sitauandika, hautoshi humu.

Kasema, "Ukungu. Kuna ukungu. Kuna mtu." Halafu kasema, "Binti, kumbe una kidoti kidevuni."

Daktari akacheka. Naapa. Meno yake mazuri.


Jumanne, Mei 12

Matone mapya, mengi, nimechora jedwali. Kidole: katikati ya nyusi. Pale pale.


Jumatano, Mei 20

Katikati ya nyusi. Presha imeshuka. Ukungu unapungua. Mvua nayo inakuja siku moja, inaruka mbili. Kisiwa kimekaa siku mbili nzima bila kufutwa, na Dada hakitazami tena chini anapokizunguka. Anaangalia mbele, anapiga soga na mke wangu, mkono wa kushoto unateleza kwenye ukuta usiokuwepo. Anageuka kisimani pasipo kuhesabu.

Mimi bado ni wewe.


Alhamisi, Mei 28

Siku hizi kabla sijamwonyesha mteja miwani namkalisha namletea kidole. Wengi wanadhani nachezea akili zao, wanaondoka. Leo mlinzi wa benki, mtu mwenye mwili kama kabati, kidole kimefika shavuni hajakiona. Nikamrudia. Hajakiona. Nikamwambia sina miwani yako, nenda hospitali, tena leo. Kakasirika, "Kwani wewe daktari?" Nikasema hapana. Nikamsindikiza mpaka mlangoni kwa yule asiyecheka.

Nimemwambia Dada habari hii. Kasikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. "Umefanya vizuri," kasema. Hakuongeza jina.


Jumanne, Juni 2

Nilipiga simu. "Ofisi ya boti."

"Habari za leo, mama?"

"Jua," kasema karani.


Jumanne, Juni 9. Kisiwani

Naandika nimekaa ndani ya gari. Gari pekee la kisiwa hiki. Usukani upo, viti havipo, nyuma kuna kuku wa kahawia aliyenikubalia nikae kwa masharti. Mabegi yetu yako kwenye boneti.

Tumepanda ngazi arobaini na moja. Ya kumi na tisa Dada aliiruka kabla sijafungua mdomo. Mke wangu kabaki chini kwa karani, maana wamekumbatiana kama waliosoma pamoja. Uwanjani Dada akasimama mbele ya geti, akalitazama. Aliliangalia kipande kipande, juu, chini, kushoto, kama anakagua mshono. Halafu akageuza kichwa kutafuta mnara, akaupata.

"Kwenye kalenda walipaka rangi," kasema. "Wenyewe ni wa kijivu. Ni mzuri zaidi."

Nikampa mkono. Hakuupokea.

"Kaa hapa. Usinifuate. Usichungulie."

Akaweka mkono wa kushoto ukutani, akaingia getini peke yake, na viatu vyake vya kahawia.

Hiyo ni zamani sasa. Kimya cha mahali hapa sijawahi kukisikia. Nyumbani kila dakika kuna honi, breki, injini, na tangu siku ile ya lori kila moja ya hizo nilikuwa naisikia ikimpiga. Hapa nasikia viatu vya watu, maji, mtu anakohoa mtaa wa pili. Nimetega masikio nasubiri kishindo. Mara moja nimesikia kitu kama kapu kuanguka, sauti ikasema "pole mama", halafu watu wawili wanaongea, sikushika maneno, wakatengana. Nimeshika usukani wa gari bovu kwa mikono miwili. Kuku ananiangalia.

Nimemwona.

Katokea getini akija kutoka upande wa kulia, si ule alioelekea akiingia, mkono wa kushoto bado ukutani. Ana unga begani. Kafika kwenye mlango wa gari, kapapasa bati, kakuta dirisha halina kioo, kainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu.

"Nimegongana na watu saba," kasema.

"Umeumia?"

"Watu saba. Kila mmoja kasimama kaniuliza hali, na mimi nikamuuliza yake. Mmoja kanimwagia unga kidogo." Machozi yalikuwa yanamtoka lile jicho zuri na lile lililozima, sawasawa. "Kisima kiko pale pale tulipokichora."

"Mke wangu ndiye alikisahihisha, Dada."

"Najua. Nilimsikia akichora." Akafungua mlango wa gari, ukalia, kuku akaruka nje. "Shuka sasa, mdogo wangu. Weka mkono wa kushoto ukutani nikuonyeshe."

Tone la mchana: tayari. Tone la jioni: bado. Kidole: leo hatupimi.